Nyumba ya nyuki kando ya ziwa: unyevu ndio adui, si baridi

Kipupwe kikianza, mwezi wa 6, wafugaji wa Magu na Sengerema, wilaya za Mwanza kando ya Ziwa Victoria, huniuliza kama wazibe matundu ya mizinga ili nyuki wasipate baridi. Nawasihi wasizibe. Usiku wa Mwanza unaoshuka hadi nyuzi 15 au 16 hauliwezi kundi lenye afya. Nyuki vibarua hutetemesha misuli ya kifua bila kupiga mabawa, na majana, yaani watoto wa nyuki ndani ya masega, hubaki kwenye nyuzi 34 hadi 35.

Tazama wanavyofanya wafugaji wa Kanada. Huko, majira ya baridi, wengi huhamishia mizinga kwenye ghala lenye giza na kuliacha kwenye nyuzi 4 hivi. Hawalipashi joto zaidi, kwa sababu nyuki wakipata joto huhangaika, hula asali nyingi na kutaka kutoka. Wanachokigharamia ni feni za kubadilisha hewa, maana nyuki hutoa hewa ya ukaa na mvuke mfululizo. Kilo moja ya asali ikiliwa huacha zaidi ya nusu lita ya maji. Mvuke huo ukigusa mfuniko wa baridi huwa matone, na nyuki aliyelowa hufa kwa baridi ambayo mkavu angeivumilia.

Hapa kwetu mvuke ni uleule, ila masika huuongezea unyevu wa ziwa. Nyumba ya nyuki, yaani banda la kuwekea mizinga, iliyofungwa kote hufanya ukungu kwenye masega ya pembeni, asali hukawia kufunikwa kwa nta, na nyuki wetu wa Kiafrika hawana subira: huhama.

Kwa hiyo naanza na matundu ya hewa, chini upande wa ziwa na juu, karibu na dari, upande wa nchi kavu, yote yakiwa na wavu ambao nyuki hapenyi. Mchana upepo hutoka ziwani, usiku hugeuka kutoka nchi kavu, na matundu hayo huutumia kote kote. Mizinga isigusane na ukuta, tena iinamishwe kidogo kuelekea mlangoni ili maji yatiririke nje.

Paa la bati tupu silikubali. Jua la mwezi wa 9 likiliwakia, chumba huwa tanuri na masega mapya hulegea. Weka dari ya mikeka au ezeka nyasi juu ya bati, na usijenge ukiegemea jabali, kwani mawe yetu hutoa joto hadi usiku. Weka pia beseni la maji lenye vijiti vya kutulia nyuki, maana wao hupoza mzinga kwa kutandaza maji na kupepea.

Kuhakikisha ni rahisi: usiku, ukiwa na mavazi kamili na bomba la kufukizia nyuki moshi, inua mfuniko upapase upande wake wa ndani. Ukilowa kidole, ongeza tundu la juu kabla hujagusa kitu kingine. Wakati wa kuvuna, pima asali kwa refraktometa, kifaa kinachoonyesha kiasi cha maji ndani yake. Ikizidi asilimia 20 ya maji, itachacha ndani ya ndoo.