Kelvini za taa za barabarani hazipimi ukali wa mwanga

Ukianza tu mjadala wa kung'oa taa za sodiamu, zile za zamani za mwanga wa manjano, barabarani na kuweka LED, haipiti muda mtu anaandika kwamba taa mpya ni kelvini 4000 na zile za zamani zilikuwa 2000, kwa hiyo mpya zinamulika mara mbili. Mwingine anamjibu kwamba hizo 4000 ni joto kali, ndo maana zinaumiza macho. Wote wawili wamekosea kitu kilekile, na kinaniuma kwa sababu kingeeleweka mapema nusu ya ubishi ungekuwa umeisha. Kelvini kwenye taa ni namba ya rangi. Wingi wa mwanga unaotoka kwenye taa unapimwa kwa lumeni, umeme unaoliwa unapimwa kwa wati, na joto la taa ukiigusa kwa mkono ni habari nyingine kabisa. Taa ya kelvini 2200 inaweza kukupofusha, na ya 5000 ikawa hafifu mpaka usione unapokanyaga.

Maana yenyewe ni fupi. Chukua kitu cheusi ukipashe moto: kitaanza kung'aa wekundu, kiende rangi ya machungwa, manjano, weupe, na ukizidi kukipasha weupe wenye ubluu. Joto la rangi la taa ni lile joto ambalo kitu hicho kingekuwa nalo pale rangi yake inapofanana na rangi ya taa yako. Mshumaa uko karibu 1900, balbu ya zamani ya waya 2700 hivi, uso wa jua karibu 5800. Ndo maana mambo yanaonekana kwenda kinyume, namba ikipanda rangi tunayoiita baridi inaongezeka, namba ikishuka tunasema mwanga una uvuguvugu. Jina limetoka kwa Lord Kelvin, William Thomson, aliyependekeza skeli ya joto inayoanzia sifuri kamili mwaka 1848, na hesabu ya kuunganisha joto na rangi aliiweka sawa Max Planck mwaka 1900. Hesabu hiyo ni ya vitu vinavyong'aa kwa sababu vimepata moto.

Sasa taa tunazobishania hazing'ai kwa njia hiyo. Sodiamu inatoa mwanga umeme unapopita kwenye mvuke wake, LED inatoa mwanga umeme unapopita kwenye kipande cha semikondakta (kitu kinachopitisha umeme kiasi tu), na rangi ya taa hizi haitokani na kitu kilichopashwa hadi kelvini 2000 wala 4000. Tunazipa namba kwa kufananisha tu, jicho linasema hii inakaribia rangi ya kitu cha joto fulani, basi tunaandika kwenye boksi. Ile sodiamu ya presha ndogo ndo imezidi, karibu mwanga wake wote wa kuonekana uko sehemu moja, nanomita 589 (nanomita ndo kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), manjano matupu, na ndo maana chini yake gari jekundu na gari la bluu yote yanaonekana ya kijivu. Ya presha kubwa, ile ya rangi ya dhahabu ambayo wengi wanaililia, ina mtawanyo mpana kidogo na inahesabiwa kama kelvini 2000 hivi, ila uwezo wake wa kuonyesha rangi za vitu ni kama 20 na kitu kwenye kipimo ambacho cha juu ni 100. Anayeitetea aseme anapenda utulivu wake, hapo namuelewa kabisa, lakini asiseme ilikuwa inaonyesha vitu vizuri zaidi.

LED nyeupe nayo watu wengi hawajui imetengenezwaje. Ndani kuna kipande kinachotoa mwanga wa bluu, karibu nanomita 450, juu yake kimepakwa fosfa, yaani kemikali inayomeza sehemu ya bluu hiyo na kutoa manjano na wekundu, mchanganyiko ukifika machoni unaonekana mweupe. Hiyo bluu ndo iliwapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Nobeli ya fizikia mwaka 2014, maana bila bluu hakuna nyeupe. Kama unataka ushahidi, kuna miji ya Marekani ambako taa za barabarani ziligeuka zambarau miaka ya hivi karibuni kwa sababu fosfa ilibanduka kwenye kipande, kilichokuwa kimefichwa chini kikatoka nje.

Na hapa ndo nataka tukae kidogo, maana kosa kubwa zaidi la kelvini linafanywa hata na watu wanaojua kwamba ni rangi. Wanaichukua kama kipimo cha bluu. Ni kama madarasa mawili yenye wastani wa 60, moja wote wamepata kati ya 55 na 65, lingine nusu wamepata 90 na nusu 30, ukitazama wastani peke yake hujui umepewa darasa lipi. Kelvini inasema rangi ya jumla inaonekanaje, haisemi ndani yake kuna nini kwenye kila urefu wa wimbi. Kwa ujumla LED ya 2700 ina bluu kidogo kuliko ya 4000, huo ni mwongozo mzuri na sina ugomvi nao, ila taa mbili zenye kelvini sawa zinaweza kuwa na bluu tofauti, na anayetaka kujua aombe mchoro wa spektra ya taa, yaani unaoonyesha kiasi cha mwanga kwenye kila urefu wa wimbi.

Kwa nini bluu imekuwa kesi? Kwanza anga. Molekuli za hewa hutawanya mwanga wa wimbi fupi zaidi ya ule wa wimbi refu, na hesabu yake inakwenda kwa nguvu ya nne, kwa hiyo mwanga wa nanomita 450 hutawanywa karibu mara tatu ya ule wa 589. Wanaastronomia walilijua hili zamani, San Jose kule California ilitumia sodiamu ya presha ndogo kwa ajili ya darubini za kituo cha kutazama nyota cha Lick, na Hispania ilitunga sheria ya kulinda anga la visiwa vya Canary mwaka 1988. Pili mwili, kuna seli kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho, zinazosisimka zaidi karibu na nanomita 480 na ndo zinauambia ubongo kama ni mchana au usiku, na melatonini, homoni ya usingizi, inafuata hapo.

Chama cha madaktari cha Marekani, AMA, mwaka 2016 kilishauri taa za nje zisizidi kelvini 3000. Ufaransa iliweka kikomo hichohicho kwenye kanuni zake za Desemba 2018. Davis, California, walifunga LED za 4000, wakazi wakalalamika, wakabadilishiwa za 2700. Roma mwaka 2017 watu walipiga kelele kwamba weupe unaharibu sura ya mitaa ya kale. Haya yote ni malalamiko ya haki na yalikuwa ya rangi kweli.

Lakini mengi ninayoyasoma sio ya rangi. Mtu analalamika mwanga unaingia chumbani, au taa inamchoma macho akiendesha, au mtaa umekuwa kama uwanja wa mpira usiku, halafu anamalizia na kudai kelvini zipunguzwe. Huyo shida yake ni lumeni nyingi mno, au taa isiyo na kinga pembeni, au iliyofungwa imeinama vibaya. Na LED ina kitu ambacho sodiamu haikuweza vizuri, unaweza kuielekeza kwa usahihi na kuipunguza saa za usiku wa manane bila kusubiri ipate moto, kwa hiyo kama imewekwa inamulika ovyo usiku kucha hilo ni la waliochagua na kufunga, LED yenyewe haina kosa.

Kwa hiyo ndugu unayeandika kwenye barua ya malalamiko "tupunguzieni kelvini, taa inamulika hadi kitandani", nakuunga mkono kwa dai lenyewe, ila badilisha hilo neno. Omba lumeni zipungue na taa iwekewe kinga upande wa nyumba yako. Wakikusikiliza ulivyoandika sasa watakuletea ya 2200, na itamulika hadi kitandani vilevile, kwa rangi ya machungwa.