Kuziba Kisima cha Mafuta au Gesi: Kinachopimwa ni Kazi ya Kizibo, si Jina Lake

Malalamiko yanayotufikia sisi wadhibiti siku hizi kuhusu kuziba visima vilivyoachwa ni mawili, tena yanavutana. Wapo wanaouliza kwa nini bado tunakubali saruji ilhali hupasuka. Wapo wanaomwona mwendeshaji akileta kitu kingine wakadhani anakwepa gharama. Kila upande una sababu ya kuwa na wasiwasi.

Udhaifu wa saruji tunaufahamu. Inapoganda hunywea, ikaacha upenyo mwembamba kati yake na bomba la chuma. Bomba likitanuka na kusinyaa kwa joto, saruji haiwezi kulifuata, hukatika. Maji yenye kabonidioksidi huila polepole, na joto likipita nyuzi 110 hupoteza nguvu isipochanganywa na unga wa silika, kwa kawaida asilimia 35 hadi 40 ya uzito wake. Hata hivyo, lawama nyingi zinazoelekezwa kwa saruji ni za uwekaji: tope la kuchimbia halikuondolewa vizuri, au bomba halikukaa katikati ya shimo. Mkandarasi mzembe ataharibu mbadala wowote vilevile.

Mbadala ninaoupenda zaidi ni aloi ya bismuthi. Metali hii hutanuka ikiganda, kama maji yanapokuwa barafu, kwa takribani asilimia 3. Ni nzito karibu mara kumi ya maji, hivyo ikiyeyushwa chini kwa joto la themaiti, yaani unga wa metali unaowaka kwa joto kali, huzama, huyasukuma maji pembeni, kisha huganda ikijibana ukutani. Bentonaiti ni udongo unaofura ukilowa, na kwa kuwa haugandi kama jiwe, ukitikiswa hujiziba upya. Resini, kimiminika kinachogeuka kigumu kama plastiki, hupenya nyufa ambazo saruji haiingii. Nchini Norwei hata mwamba wenyewe umekubaliwa: aina fulani za mwamba wa tope husogea taratibu hadi kulibana bomba pande zote, na vipimo vikithibitisha, huhesabiwa kuwa kizuizi.

Lakini kukubaliwa kuna masharti. Kiwango cha Norwei, NORSOK D-010, hutaka kisima kinachoachwa kabisa kitazamwe kwa upeo wa milele. Kizuizi kisipitishe kitu, kisinywee, kivumilie kemikali na mitikisiko, kishikane na chuma, na kizibe shimo zima kutoka mwamba hadi mwamba. Ripoti ya maabara ya muuzaji peke yake haitoshi, kwa sababu miezi michache ndani ya chupa haithibitishi miaka elfu chini ya ardhi.

Baada ya kuwekwa, kizibo huguswa kwa uzito wa bomba linaloshushwa kisimani ili kuthibitisha kina chake, kisha hupimwa kwa mgandamizo, na kila namba huandikwa. Mfano wa ukali wa taratibu hizi ni Texas: taarifa hutolewa angalau siku 5 kabla ya kazi, ripoti huwasilishwa ndani ya siku 30 baada ya kukamilika, na ukiukaji unaohusu usalama au uchafuzi unaweza kutozwa hadi dola 10,000 kwa kila siku, kwa kila kosa. Kubadilisha kitu cha kuzibia bila idhini ni ukiukaji, hata kama kilichowekwa ni bora kuliko kilichoidhinishwa. Hili waendeshaji hubisha nalo sana, nasi hatulegezi.

Kwa wanaoishi karibu na visima vya zamani: tafadhali msimwage zege mdomoni mwa kisima. Limefanyika, kwa nia njema, na ni hatari. Gesi haikomi; hutafuta njia ya pembeni, ikatokea kwenye udongo au chini ya nyumba. Wala msiseme hakuna uvujaji kwa sababu hakuna harufu. Methani haina harufu. Ile mnayoijua kwenye gesi ya kupikia huongezwa makusudi. Angalieni mapovu kwenye madimbwi na majani yanayokauka kuzunguka shimo. Mkiyaona, ondokeni hapo, epusheni moto wowote, kaeni upande upepo unakotoka, kisha mtoe taarifa kwa mdhibiti mkitaja mahali hasa.