Dawa ya kolesteroli haiyeyushi mafuta

Jioni moja barazani, huku Kibokoni, mzee mmoja aliuliza: "Nimesikia madaktari wanajaribu dawa ya kuyeyusha mafuta kwa watu walioumia kwenye ajali. Kijana mwembamba kaanguka pikipiki, yako wapi hayo mafuta ya kuyeyushwa?" Swali ni la haki. Kosa limo kwenye hilo neno "kuyeyusha", nami nimelisikia mara nyingi mno.

Dawa zenyewe huitwa statini. Huzuia kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kemia mwilini, ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli. Hakuna kinachoyeyuka.

Wala kolesteroli si mafuta ya kwenye karai. Jina lake latokana na Kigiriki: kholē, yaani nyongo, na stereos, kitu kigumu. Ilipata jina hilo kwa sababu wataalamu wa Ufaransa waliiona kwanza kwenye vijiwe vya nyongo, katika karne ya 18. Nyongo twaijua sote: ukimpasua kuku vibaya kile kifuko kikatoboka, nyama yote yawa chungu. Ini hutumia kolesteroli kutengeneza nyongo hiyo, na mwili huihitaji pia kwa kuta za seli na kwa homoni. Mwembamba anayo, mnene anayo. Mafuta ya mimea tunayokaangia viazi hayana.

Sasa majeruhi. Jeraha kubwa, hasa la kichwa, haliishii pale mtu alipogongwa. Mwili wenyewe hujibu kwa uvimbe unaoweza kuendelea kudhuru kwa siku kadhaa. Statini, ambazo Mjapani Akira Endo alianza kuzipata kwenye kuvu miaka ya 1970, zimeonekana kutuliza uvimbe wa aina hiyo na kuisaidia ngozi ya ndani ya mishipa ya damu. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, mbali na kushusha kolesteroli, na ndiyo wanayoichunguza watafiti. Kwa wanyama imeleta matumaini. Kwa watu majibu bado hayajakubaliana, kwa hivyo haijawa tiba ya kawaida ya majeruhi.

Nilimwambia mzee: anayezimeza tayari akiumia, awaambie hospitalini, asizikatize mwenyewe, asiyezimeza asizikimbilie duka la dawa. Akauliza, "Basi tuziiteje?" Dawa za kupunguza kolesteroli, mzee wangu. Kupunguza, si kuyeyusha.