Kifua cha Mtu Mzima: Hesabu Pumzi Kabla ya Kuandika Dawa

Mtu mzima akija na kikohozi, homa na kichomi, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni kama anaweza kutibiwa nyumbani. Dawa huja baadaye. Kipimo ninachokitegemea zaidi hakihitaji mashine: kuhesabu pumzi. Inanisikitisha kuona sehemu hiyo ya faili ikijazwa kwa kukisia, 18 au 20 kwa kila mgonjwa, ilhali mara nyingi pumzi ndizo hubadilika mapema mwili unapoanza kuelemewa.

Mimi humshika mgonjwa kifundo cha mkono kana kwamba napima mapigo ya moyo, huku macho yakiwa kifuani pake, na nahesabu dakika nzima. Simwambii, kwa sababu mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa hubadilisha upumuaji bila kukusudia. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne hakuniridhishi. Ukikosea pumzi mbili, umekosea nane. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akifika 30, hata kama anaongea na kutabasamu, simruhusu kwenda nyumbani kirahisi.

Pumzi 30 au zaidi ni alama moja kati ya nne za CRB-65, kipimo cha kukadiria ukali wa nimonia, yaani maambukizi ya mapafu. Nyingine ni kuchanganyikiwa kulikoanza na ugonjwa huu, shinikizo la damu lililoshuka (namba ya juu chini ya 90, au namba ya chini isiyozidi 60), na umri wa miaka 65 au zaidi. Mwenye nimonia asiye na alama hata moja kwa kawaida hutibiwa nyumbani. Akiwa na moja au mbili, tunafikiria hospitali. Tatu au nne, aende mara moja. Lakini anayetapika kila anachomeza, au anayeishi peke yake bila wa kumwangalia, anaweza kuwa na sifuri na bado nyumbani pasimfae.

Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinasaidia, na chini ya asilimia 92 sibishani nacho. Ila kwa wenye ngozi nyeusi kinaweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo, kwa hiyo 94 ya mtu anayehema hainitulizi.

Wengi wanaokohoa hawana nimonia. Wana bronkaitisi, yaani uvimbe wa njia za hewa, ambayo mara nyingi ni ya virusi, na kikohozi chake huweza kudumu wiki tatu. Antibayotiki hazimsaidii sana mtu huyu. Makohozi ya njano au kijani hayathibitishi bakteria. Rangi hiyo hutoka kwenye chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi.

Nikiridhika kwamba ni nimonia isiyo kali, naanza dawa siku hiyohiyo. Kwa wengi ni amoksilini miligramu 500 mara tatu kwa siku, kwa siku tano. Mwenye mzio wa penisilini nampa ya kundi jingine, kama doksisaiklini, mradi si mjamzito. Kisha namwambia yeye na wa nyumbani kwake: asipopata nafuu ndani ya siku tatu, arudi, na akizidiwa asisubiri hata hizo. Huenda dawa haikilengi kijidudu chenyewe, au maji yamejikusanya kando ya pafu, au ni kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinataka makohozi yapimwe. Ndiyo maana siko tayari kuanza na levofloksasini, antibayotiki nyingine: inaweza kutuliza kifua kikuu kwa muda na kuchelewesha kugundulika kwake.

Kupona nako kuna ratiba yake. Homa hutoweka ndani ya wiki moja, kikohozi na kuhema hupungua sana kufikia wiki ya sita, na uchovu huweza kufika miezi mitatu. Uchovu huo peke yake si sababu ya dozi ya pili. Mvutaji sigara aliyevuka miaka 50, hata akijisikia mzima, namtaka arudi kwa picha ya kifua baada ya wiki sita, kwa sababu saratani ya mapafu huweza kujificha nyuma ya nimonia.