Sintaksia maalumu katika lugha za programu ni nini?

Sintaksia maalumu ni alama au muundo unaoingizwa ndani ya lugha ya programu kwa ajili ya kazi ya watumiaji wachache, ilhali kazi hiyo ingeweza kufanywa kwa kuita fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina) kutoka kwenye maktaba, yaani mkusanyiko wa msimbo ulio tayari.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni alama ya @ katika lugha ya Python. Wanaoshughulika na matriksi, yaani majedwali ya namba, hutumia maktaba ya NumPy, na humo alama ya * huzidisha namba moja moja zilizo katika nafasi zinazolingana. Kuzidisha matriksi zenyewe kulihitaji fanksheni iitwayo dot, hivyo hesabu ya matriksi tatu tu iliandikwa dot(dot(H, V), H.T), ambapo H.T ni H iliyogeuzwa safu zake kuwa nguzo. Fomula ndefu ilijaa mabano hadi ikawa taabu kuilinganisha na ile ya kitabuni. Baya zaidi, NumPy ilikuwa na aina ya pili ya data, matrix, ambayo kwake * ilimaanisha kuzidisha matriksi. Fanksheni iliyopokea aina isiyoitarajia ingeweza kutoa jibu potofu bila kuonyesha kosa lolote.

Mwaka 2014 Nathaniel Smith alipendekeza @ katika PEP 465, waraka wa kupendekeza mabadiliko ya Python, nayo ikaingia katika Python 3.5 mwaka uliofuata. Sasa tunaandika H @ V @ H.T. Hakuna aina ya data iliyomo ndani ya Python yenyewe inayoitumia alama hiyo. Lugha iliitoa tupu, ikaziachia maktaba ziipe maana. Nauona huo kuwa uamuzi wa busara sana.

JavaScript nayo ilipata E4X mwaka 2004, kiwango kilichoruhusu XML, muundo wa kuandika data kwa vitambulisho, kuandikwa moja kwa moja ndani ya msimbo. Firefox iliipokea, vivinjari vingine vikubwa havikufuata, watu wakahamia JSON, muundo mwingine wa kuandika data, na mwaka 2013 Firefox ikaiondoa. Programu zilizoitegemea zililazimika kuandikwa upya.

Kanuni ya kuzidisha matriksi aliieleza mwanahisabati Arthur Cayley mwaka 1858 na haijabadilika, ilhali XML 1.0 ilikuwa na miaka sita tu E4X ilipotoka. Kwangu mimi, kazi inastahili alama yake ikiwa imeshatulia hivyo, na ikiwa kuita fanksheni kunamficha msomaji maana. Ndiyo maana sioni haja ya Python kuingiza ruwaza za kutafuta maandishi katika sintaksia yake kama ilivyo katika lugha ya Perl. Moduli ya re, maktaba ya Python ya kazi hiyo, inatosha: re.search(ruwaza, maandishi) inasomeka bila shida.