Mwanafizikia Akihamia Sayansi ya Data, Ametupa Elimu Yake?

Mtafiti wa fizikia akiacha chuo kikuu na kuingia sayansi ya data, watu husema ametupa miaka yake ya masomo. Si kweli. Data ilikuwa kazi yake tangu zamani. Kule CERN, maabara kubwa ya fizikia ya chembe huko Ulaya, protoni hugongana hadi mara bilioni moja hivi kwa sekunde, na sehemu ndogo mno ya matukio hayo ndiyo huhifadhiwa. Chembe ya Higgs, iliyotangazwa mwaka 2012, ilibainishwa humo kwa takwimu. Hata mbinu ya Monte Carlo, ya kukadiria majibu kwa kuiga matukio mengi ya nasibu, inayotumiwa leo na mabenki, ilizaliwa kwenye maabara ya Los Alamos, Marekani, miaka ya 1940, kwenye hesabu za nyutroni.

Ugumu uko kwingine. Fizikia ya chembe hudai sigma 5, yaani uhakika mkubwa sana wa kitakwimu kwamba matokeo si bahati tu, kabla ya kutangaza ugunduzi. Meneja anataka jibu la kutosha kufikia Ijumaa. Data za kampuni zina mapengo na majina yaliyojirudia, wala hakuna nadharia inayosema zitarajiwe kuwaje. SQL, ile lugha ya hifadhidata ambayo wengi hawakuigusa chuoni, hujifunzwa upesi. Kinachochelewa ni kuacha kung'ang'ania modeli tata pale ambapo wastani wa kawaida ungetosha.