Je, wajua DNA, kemikali inayobeba urithi wetu, inaelezwaje kwa kiumbe asiyejua lugha yoyote ya duniani?

Tuseme unataka kumwambia kiumbe wa mbali angani mwili wako umejengwa kwa nini. Herufi hazijui, na neno "kaboni" kwake ni kelele tu. Utaanzia wapi?

Mwanaastronomia Mmarekani Frank Drake na wenzake walianzia kwenye hesabu. Tarehe 16 Novemba 1974, darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, ilirusha ujumbe kuelekea kishada cha nyota M13, umbali wa miaka ya nuru takriban 25,000. Ulikuwa na alama 1,679 za aina mbili tu. Namba hiyo haikuokotwa: ni 23 mara 73, zote namba tasa. Ukizipanga alama hizo katika mistari 73 yenye nafasi 23 kila mmoja, picha inajitokeza.

Picha inaanza kwa kufundisha kuhesabu 1 hadi 10. Kisha zinakuja 1, 6, 7, 8 na 15, na hapa ndipo penye utamu wenyewe. Hizo ni idadi za protoni katika haidrojeni, kaboni, nitrojeni, oksijeni na fosforasi. Majina ni yetu sisi, lakini atomi yenye protoni sita ni ileile popote ulimwenguni.

Kuanzia hapo, kila kipande cha DNA kinatajwa kwa namba tano, kwa mpangilio huohuo. Sukari yake, deoksiribosi, ni 7, 5, 0, 1, 0: haidrojeni saba, kaboni tano, oksijeni moja. (Ikiwa peke yake huwa na atomi zaidi, hapa imehesabiwa ikiwa tayari imeungwa kwenye uzi wa DNA.) Kisha kuna besi nne, ndizo "herufi" za DNA: adenini, thimini, sitosini na guanini. Adenini ni 4, 5, 5, 0, 0, na guanini 4, 5, 5, 1, 0. Yaani oksijeni moja tu ndiyo inayozitofautisha! Hata nafasi zinasema kitu: adenini imewekwa kando ya thimini, sitosini kando ya guanini, sukari na fosfeti (kipande chenye fosforasi) pembeni, kama zinavyokaa mwilini.

Chini yake nyuzi mbili zinajipinda, katikati yake kukiwa na idadi ya jozi za besi hizo: kama bilioni 4.3. Ndivyo ilivyodhaniwa wakati huo. Leo tunajua jozi ni kama bilioni 3. Nyuzi hizo zinashuka mpaka kichwani pa umbo dogo lenye mikono miwili na miguu miwili.